Kwenda Kedarnath: Mwongozo wa Hija kwa Anayetoka Afrika Mashariki

Hekalu la Kedarnath liko katika wilaya ya Rudraprayag, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kwenye kimo cha mita 3,583 kutoka usawa wa bahari, chini kidogo ya barafu ambayo mto Mandakini huanzia. Hakuna gari linalofika huko. Kutoka Gaurikund, ambako barabara hukoma, hujaji hupanda kilomita zipatazo 16 kwa miguu, kwa mnyama au kwa kubebwa mabegani, na hata hivyo miaka ya karibuni hekalu hilo limekuwa likipokea zaidi ya watu milioni 1.5 kila msimu. Kwa wanaomwabudu Shiva, hapa ni mojawapo ya jyotirlinga 12, yaani mahali ambapo Shiva anaaminiwa kuwa alijidhihirisha kama nguzo ya nuru. Vilevile ni kimojawapo cha vituo vinne vya hija ya Char Dham ya Himalaya, pamoja na Yamunotri, Gangotri na Badrinath.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mhindu wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Kampala anayekwenda mwenyewe, na zaidi kwa mtoto au mjukuu anayewasindikiza wazee wake. Msindikizaji ndiye mwenye kazi kubwa. Mzee aliyeweka nadhiri tangu ujanani haoni shida kuichomeka Kedarnath kwa siku tano katikati ya harusi mbili za jamaa wa Gujarat, na msindikizaji ndiye atakayelazimika kumweleza, kwa adabu, kwamba mlima haufuati ratiba ya harusi.

Kwa hiyo panga safari kwa kuanzia mwisho wake. Andika tarehe ya ndege ya kurudi, toa siku tatu za akiba ambazo hazina shughuli yoyote, kisha ndipo uhesabu siku za kwenda. Kutoka Delhi hadi Kedarnath na kurudi Delhi, mtu mzima mwenye afya anahitaji siku saba. Anayesafiri na mzee ahesabu tisa au kumi, mbali na zile za akiba. Ukiona siku hizo ni nyingi mno kwa likizo yako, ahirisha hija hadi mwaka utakaozipata.

Hatua ya kwanza: Kuchagua majira

Kati ya Novemba na Aprili theluji huifunga Kedarnath, na hekalu hufungwa pamoja nayo. Katika miezi hiyo sanamu ya Shiva yenye nyuso tano hukaa mjini Ukhimath, katika hekalu la Omkareshwar, na ibada huendelea huko. Tarehe ya kufungua hutangazwa hapo hapo Ukhimath siku ya Maha Shivaratri, mwezi wa Februari au Machi. Kufunga hufanyika siku ya Bhai Dooj, siku chache baada ya Diwali. Kwa kuwa sikukuu hizi hufuata mwandamo wa mwezi, tarehe huhama kila mwaka: mwaka 2024 milango ilifunguliwa tarehe 10 Mei na kufungwa tarehe 3 Novemba, ilhali mwaka 2025 ilifunguliwa tarehe 2 Mei na kufungwa tarehe 23 Oktoba. Asinunue mtu tiketi kwa kukisia kutokana na mwaka uliopita.

Ndani ya msimu huo miezi haifanani. Mei na Juni ni wakati wa msongamano mkubwa, kwa sababu shule za India ziko likizoni na kila familia inataka kukimbia joto la tambarare; foleni ya kuingia hekaluni huweza kuchukua saa nyingi, tena katika baridi. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Septemba ni masika ya India, na milima ya Garhwal, eneo hili la Himalaya, ni michanga, udongo na mawe yake huporomoka kwa urahisi. Tarehe 16 na 17 Juni 2013 mvua kubwa iliyowahi kuliko kawaida, pamoja na kupasuka kwa ziwa la Chorabari lililokuwa juu ya hekalu, iliifagia karibu Kedarnath yote. Katika jimbo zima zaidi ya watu 5,000 walifariki au kupotea. Tarehe 31 Julai 2024 mvua nyingine iliharibu njia ya kupandia na maelfu ya mahujaji wakakwama, wengi wao wakatolewa kwa helikopta. Likizo ya shule ya Agosti, ambayo familia nyingi za Kenya huitumia kusafiri, inaangukia katikati kabisa ya kipindi hicho, na kwa maoni yangu hakuna nadhiri inayomlazimisha mtu kwenda wakati huo.

Wakati ninaoupendekeza ni kuanzia wiki ya tatu ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mvua imepungua, anga imetakata kiasi cha kuuona mlima Kedarnath wenyewe nyuma ya hekalu, na watu ni wachache kuliko Mei. Baridi ya usiku, hata hivyo, ni kali, na theluji ya mapema si jambo la kushangaza.

Hatua ya pili: Karatasi

Mwenye kadi ya OCI, ile ya watu wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, hahitaji viza. Wengine waombe viza ya kielektroniki ya utalii kupitia tovuti ya serikali ya India, na wasiombe kupitia tovuti zinazofanana nayo ambazo hutoza mara mbili. Jambo ambalo wasafiri wa kwetu husahau ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India hukidai kwa wanaotoka Kenya na Uganda, na inaweza kukidai hata kwa waliopitia huko wakibadilisha ndege, na chanjo lazima iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na hapo siku zote za akiba zitakuwa zimeisha kabla hujauona mto Ganga.

Kisha kuna usajili wa hija. Kila anayekwenda Char Dham lazima ajiandikishe katika tovuti ya Idara ya Utalii ya Uttarakhand, mmoja mmoja, kwa kutaja siku atakayofika kila hekalu. Vipo pia vituo vya kujiandikisha Haridwar na Rishikesh, lakini siku za msongamano nafasi zake huisha mapema. Asiyekuwa na usajili hurudishwa njiani. Chapisha karatasi ya usajili nakala mbili, kwa sababu simu huzima chaji pale pale inapohitajika.

Anayetaka helikopta anunue tiketi kupitia tovuti ya HeliYatra inayoendeshwa na IRCTC, shirika la tiketi la reli za India, na hawezi kuinunua kabla ya kupata namba ya usajili wa hija. Matapeli wa tiketi za helikopta za Kedarnath ni wengi mtandaoni, nao hupenda hasa watu wa ughaibuni wanaoona aibu kubishana bei. Tovuti yoyote nyingine, namba yoyote ya WhatsApp na jamaa yeyote "mwenye mtu wake ndani" wapuuzwe.

Mwisho, bima ya safari. Soma sharti la kimo: bima nyingi za kawaida hazilipi uokoaji wa helikopta juu ya mita fulani, na utahitaji ile inayofika angalau mita 4,000.

Hatua ya tatu: Kuutayarisha mwili

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na ndipo watu wengi hupapita haraka. Kwa msomaji wa kwetu, njia nyepesi ya kuelewa ni kuufikiria Kilimanjaro. Lango la Marangu liko karibu na mita 1,900, vibanda vya Mandara mita 2,720 na vya Horombo mita 3,720. Gaurikund iko takriban mita 1,980. Basi anayepanda kutoka Gaurikund hadi Kedarnath kwa siku moja anafanya karibu sawasawa na mtu anayetoka Marangu alfajiri, akaipita Mandara bila kulala, akafikia karibu na Horombo jioni hiyo hiyo. Wapandaji wa Kilimanjaro hutumia siku mbili kwa mwendo huo, huku wakiambiwa "pole pole" kila hatua, nao wengi wao ni vijana. Kwenye njia ya Kedarnath utakutana na bibi wa miaka sabini mwenye kandambili.

Hewa ya mita 3,500 ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Mwili unaweza kuizoea, lakini kwa siku, si kwa saa. Mkazi wa Nairobi ana nafuu kidogo kuliko mtu wa pwani, ila nafuu hiyo isimdanganye, kwani kimo cha Nairobi hakifiki hata cha Gaurikund.

Anza mazoezi miezi mitatu kabla: kutembea saa moja kila siku, kisha saa mbili, na mwishoni mwa juma kupanda. Wa Nairobi wana vilima vya Ngong; pwani hakuna milima, lakini ghorofa zipo, na ngazi za ghorofa kumi zikipandwa mara tano kwa mfuko mgongoni ni mazoezi tosha. Lengo ni moyo uliozoea kufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo, si mwendo wa kasi.

Mwenye umri wa miaka 50 na zaidi, na yeyote mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, kisukari au pumu, amwone daktari na kupimwa moyo kabla ya kulipa hata shilingi moja. Vifo vingi vya mahujaji katika njia hii husababishwa na moyo, si kwa kuanguka. Daktari anaweza pia kushauri asetazolamidi, dawa inayousaidia mwili kuzoea kimo. Isitumiwe kwa kuazimana, maana wapo wasiopaswa kuimeza.

Kila mmoja katika msafara ajue dalili. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi ni onyo: pumzika, kunywa maji, usipande zaidi. Kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, kuhema ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu ni hatari ya kifo, na tiba yake ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku na hata kama hekalu liko mita mia tatu mbele. Kubalianeni juu ya jambo hili nyumbani, mzee akiwepo, kwa sababu huko juu mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kukubali kwamba anaumwa.

Hatua ya nne: Mzigo

Uchukue mfuko mdogo mmoja wa mgongoni, na mabegi makubwa yabaki hotelini Guptkashi au Sonprayag. Nguo ziwe tabaka juu ya tabaka: ya ndani yenye kukauka upesi, sweta la sufu, na koti lisilopitisha maji wala upepo. Weka kofia ya sufu, glavu, soksi jozi tatu zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki, tochi, na viatu vya kupandia ambavyo umeshavivaa angalau mwezi mzima. Makoti ya mvua ya nailoni na fimbo za kutembelea huuzwa Gaurikund kwa bei ndogo. Dawa zako zote ziwe mfukoni mwako mwenyewe, si kwa mpagazi. Chukua rupia taslimu za kutosha kwa siku nne, kwa sababu mashine za kutolea fedha huko juu hazitegemeki, na noti ndogo zina thamani kuliko kubwa.

Vifaa vya puja, yaani ibada ya kutoa sadaka, huna haja ya kuvibeba. Vinauzwa mbele ya hekalu.

Hatua ya tano: Kutoka Delhi hadi Sonprayag

Kutoka Delhi kamata treni ya kwenda Haridwar, au ndege ya kwenda Dehradun ambayo uwanja wake wa Jolly Grant uko karibu na Rishikesh. Lala Haridwar au Rishikesh. Wengi huoga katika mto Ganga na kuhudhuria ibada ya taa ya jioni pale Har Ki Pauri, mjini Haridwar, na huo ni mwanzo mwema, ila usikeshe.

Siku inayofuata ni ya barabara. Kutoka Rishikesh hadi Sonprayag ni kilomita 210 hivi, umbali ambao mtu wa Dar es Salaam angeuona kama safari ya kwenda Morogoro na kidogo zaidi, lakini hapa ni saa nane hadi kumi za kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Njia hupita Devprayag, ambako mito ya Alaknanda na Bhagirathi hukutana na kuanzia hapo kuitwa Ganga. Kisha Srinagar, ambayo si ile ya Kashmir. Kisha Rudraprayag, ambako unaiacha Alaknanda na kuufuata Mandakini hadi Guptkashi. Anayetapika garini ameze dawa nusu saa kabla ya kuondoka. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu magari ya mahujaji hayaruhusiwi milimani usiku, na poromoko moja la mawe laweza kukuchelewesha saa tatu.

Usiende moja kwa moja hadi Gaurikund. Lala Guptkashi, kwenye mita kama 1,300, na ukae huko usiku wa pili. Siku hiyo ya katikati, ambayo wenye haraka huiona ya kupoteza, ndiyo mwili unayohitaji. Itumie kuzuru Ukhimath, ng'ambo ya bonde, na Triyuginarayan, kijiji kilicho juu ya Sonprayag ambako inasimuliwa kwamba Shiva na Parvati walifunga ndoa mbele ya moto ambao hadi leo haujaachwa uzimike. Mwenye siku ya ziada alale Chopta, juu zaidi ya mita 2,600, kisha arudi. Mwili wake utamshukuru.

Magari binafsi huishia Sonprayag. Hapo askari hukagua usajili, na magari ya jeep ya pamoja huwapeleka watu kilomita tano za mwisho hadi Gaurikund. Foleni ya magari hayo, msimu wa msongamano, huanza saa nane za usiku.

Hatua ya sita: Kupanda

Anza kupanda kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili asubuhi. Sababu ni mbili: mvua na mawe hupenda kushuka mchana, na wanaochelewa huzuiwa kuanza. Zamani mahujaji walikoga kwanza katika chemchemi ya maji moto ya Gaurikund, ambako Parvati anasimuliwa kuwa alifanya tapasya ndefu, yaani ibada ya kujinyima, ili ampate Shiva. Mafuriko ya 2013 yaliharibu pahala pale, lakini desturi ya kunawa kabla ya kuondoka imebaki.

Kuna namna nne za kufika juu kwa njia hii ya ardhini. Ya kwanza ni miguu, saa saba hadi kumi. Ya pili ni farasi wadogo na nyumbu. Msomaji asiwafikirie wale wa Serengeti, hawa ni nyumbu waliozaliwa kwa punda na farasi. Ya tatu ni machela inayobebwa na watu wanne, iitwayo palki au dandi, na ya nne ni kikapu cha mgongoni, kandi, kwa watoto na wazee wepesi. Malipo hupangwa na serikali na kulipwa kwenye dirisha rasmi, ambako utapewa stakabadhi yenye jina la mwenye mnyama. Anayekufuata barabarani na bei nafuu zaidi hana namba wala wajibu. Kabla ya kumpanda nyumbu, mtazame: akichechemea au akiwa na kidonda chini ya tandiko, omba mwingine. Mnyama anayelazimishwa kupanda mara mbili kwa siku ndiye anayeanguka, na huanguka pamoja na aliyempanda.

Watembea kwa miguu washike kanuni moja bila kuichoka: nyumbu wakipita, simama upande wa mwamba, kamwe usisimame upande wa korongo. Mzigo wa mnyama unatosha kumsukuma mtu, na mchunga wao huwa nyuma, haoni.

Njia hupita Jungle Chatti, kisha Bhimbali. Mbele yake palikuwa Rambara, mji mdogo wa mapumziko ambao mafuriko ya 2013 yaliufuta kabisa. Leo hapo unavuka Mandakini kwa daraja na kupanda kwenye ukingo wa pili, kwa njia mpya iliyo ndefu na kali kuliko ile ya zamani. Sehemu ngumu ni kati ya hapo na Linchauli. Ni hapo kichwa huanza kugonga na watu huanza kugombana na ndugu zao bila sababu. Nenda kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda kasi mno. Kunywa maji kidogo kidogo, lita tatu hadi jioni. Vibanda vya chai viko kila baada ya mwendo mfupi, na chakula ni cha mboga tupu: wali, dengu, chapati na viazi; nyama na pombe hazipo. Vituo vya huduma ya kwanza vyenye oksijeni vipo pia njiani, na kuingia kupimwa si aibu.

Ukimhitaji mtu, mwite kama wanavyoitana wao: "bhaiya" kwa mwanamume, kama sisi tunavyosema kaka, na "mataji" kwa mama mtu mzima. Salamu ya njia nzima ni "Jai Kedar", na kuiitikia ni adabu hata pumzi inapokaribia kuisha.

Mwenye mzee asiyeweza kukaa juu ya mnyama kwa saa sita atafikiria helikopta kutoka Guptkashi, Phata au Sersi. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 2, anayezidi kilo 80 huongezewa malipo, na ukungu ukishuka hakuna ndege inayoruka, iwe una tiketi au huna. Bonde ni jembamba na hali ya hewa hubadilika kwa dakika: tarehe 18 Oktoba 2022 na tarehe 15 Juni 2025 helikopta zilianguka katika njia hii, kila mara watu saba wakafariki. Isitoshe, anayeruka kutoka Phata hufika kimo cha mita 3,583 kabla mwili haujajua kwamba umeondoka chini. Kwa hiyo wanaotumia helikopta waende na kurudi siku hiyo hiyo, na wasilale juu isipokuwa wamekwisha kulala Chopta au mahali pa kimo kama hicho. Machi 2025 serikali ya India iliidhinisha ujenzi wa njia ya vibanda vya kuning'inia kwenye waya, kilomita 12.9 kutoka Sonprayag, itakayofupisha safari iwe ya dakika 36. Ikikamilika, onyo hili la kupanda haraka mno litawahusu wengi zaidi.

Hatua ya saba: Hekaluni

Utakapofika, usikimbilie foleni. Tafuta kitanda kwanza. Yapo mahema na vyumba vya shirika la utalii la Garhwal, GMVN, ambavyo hukodishwa mapema mtandaoni, na zipo nyumba za makuhani wa ukoo. Familia nyingi zenye asili ya India zina kuhani wao anayetunza daftari la majina ya wazee waliowahi kufika, na kuulizia jina la kijiji cha babu ni jambo linalofaa. Badili nguo zenye jasho, kula kitu cha moto hata kama hutaki, kisha keti saa mbili.

Hekalu hufungwa alasiri na kufunguliwa tena jioni. Jioni Shiva huwa amepambwa, na mahujaji humwona kwa mbali tu wakati wa ibada ya taa. Asubuhi, kuanzia alfajiri, ndipo huruhusiwa kuingia chumba cha ndani, kumwagia maji na kupaka samli mwamba wenye pembe tatu ambao ndio linga, yaani alama ya Shiva, ya Kedarnath. Mwamba huo, kwa masimulizi, ni nundu ya fahali: Wapandava, wale ndugu watano wa utenzi wa Mahabharata, baada ya vita vya Kurukshetra, walimtafuta Shiva awasamehe damu ya ndugu zao, naye akajigeuza fahali na kuzama ardhini, nundu ikabaki hapa, na viungo vingine vikatokea Tungnath, Rudranath, Madhyamaheshwar na Kalpeshwar, vinavyoitwa pamoja Panch Kedar. Ndiyo maana ukumbi wa nje una sanamu za Wapandava na mke wao Draupadi.

Kwa anayewasindikiza wazee ushauri ni kuhudhuria ya jioni kwa kutazama tu, kulala mapema, na kuingia foleni ya asubuhi kati ya saa tisa na saa kumi za usiku mzee akiwa amevikwa vizuri na kiti cha kukunja kikiwa mkononi. Miguu huwa mitupu ndani, na sakafu ni kama barafu. Soksi nene huvumiliwa. Tangu Julai 2023 kupiga picha na video ndani ya hekalu kumekatazwa.

Nyuma ya hekalu liko jiwe kubwa liitwalo Bhim Shila. Lilibingirika na mafuriko ya 2013 likasimama hapo, maji yakagawanyika pande mbili, na hekalu likabaki. Mahujaji huligusa na kuliombea. Karibu yake ni mahali panapoaminiwa kuwa kaburi la Adi Shankaracharya, mwanafalsafa mkuu wa Kihindu, na sanamu yake iliyozinduliwa Novemba 2021. Mwenye nguvu apande nusu saa hivi hadi hekalu la Bhairavnath, anayeaminiwa kulilinda bonde wakati milango imefungwa. Mwenye kichwa kinachouma asiende.

Hatua ya nane: Kushuka

Ondoka kabla ya saa nne asubuhi. Kushuka huchukua saa tano hadi saba, na wengi huumia hapa kuliko wakati wa kupanda, kwa sababu magoti yamechoka, mawe yana utelezi wa kinyesi cha nyumbu na akili imekwisha kufika nyumbani. Tumia fimbo mbili. Funga kamba za viatu imara kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Mzee aliyepanda kwa miguu yake ashuke kwa mnyama au machela, hata akikataa. Mweleze kwamba nadhiri ilikuwa ya kufika.

Lala Guptkashi tena, si Gaurikund, na usipange kufika Delhi siku inayofuata. Barabara ikiwa imezibwa na mawe, siku za akiba ndizo zitakazokufikisha kwenye ndege yako. Ikiwa haikuzibwa, kuna Tungnath, kwenye mita 3,680, saa mbili au tatu tu za kupanda kutoka Chopta kwa njia iliyosakafiwa, na kwa mwili uliokwisha kuzoea kimo ni matembezi mepesi. Au kuna Rishikesh, ambako mzee anaweza kukaa kando ya mto siku nzima na kuwapigia simu jamaa wa Mombasa mmoja baada ya mwingine.